Ubavu wa Kushoto

Nguvumali, Tanga
2 Februari 2024

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Sisi hapa kwetu (ona nilivyoandika, kwetu!) hatujambo kabisa, tunakula, tunacheka, tunalala, tunacheka tena. Mgongo wako unasemaje? Na presha ya mama? Mwambie kile kitenge alichonifunga siku ya kuniaga sijakifua mpaka leo. Nakinusa tu.

Najua simu ukipokea unasema "halo, halo" halafu unakata. Nyundo na kompresa zimekula masikio yako miaka thelathini na tano. Kwa hiyo nimeona bora niandike, barua nimpe kondakta wa basi la Muheza akuachie gereji. Macho Mungu amekuachia, na leo ndiyo ninayoyataka.

Baba, tumenunua gari! Leo ni siku ya ishirini tangu unishike mkono mpaka madhabahuni, na tayari nina mume mwenye gari. Unajua kazi ya Godlisten ya kutoa mizigo ya watu forodhani iko Horohoro, na alikuwa alale huko Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi nibaki na kuta. Basi usiku mmoja akaniambia, "Precious, sikuoa ili nilale na makaratasi ya mpakani." Akauza pikipiki, akauza na kile kiwanja cha Pongwe, akaja na gari dogo jeupe, jeupe la lulu, milango mitano. Sasa kila jioni saa kumi na mbili na nusu nasikia honi mbili fupi pale kona, na moyo wangu unatoka mlangoni kabla yangu. Nilikuwa sijui mtu anaweza kuwa na furaha mpaka akaona aibu.

Kuna kitu kimoja kidogo tu. Jana nikiliosha nimeona ubavu wa kushoto, chini ya milango, rangi imetoka vipele kama mtoto wakati wa joto. Nimehesabu kumi na vinne. Halafu weupe wa huko chini si sawasawa na wa juu. Juu ni maziwa, chini ni maziwa yaliyoguswa na chai. Godlisten anasema ni urembo, hata mimi nina kidoti shavuni na hakukirudisha kwenu. Lakini mimi ni binti wa fundi rangi, siwezi kukaa kimya. Kuna dawa ya kupaka?

Mwanao, mke wa mtu,
Precious


Gereji, Muheza
6 Februari 2024

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo ni ule ule. Presha ya mama yako imeshuka, ila chumvi anakula kwa siri.

Barua yako ina kurasa tatu. Gari lenyewe limepata mistari sita.

Vipele ni neno la kliniki. Rangi huvimba kwa sababu ya maji chini yake, au mafuta chini yake, au fundi mwenye haraka aliyepaka mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka. Dawa ya kupaka juu hakuna. Anayekuuzia dawa ya kupaka juu anakuuzia chupa.

Fanya hivi. Asubuhi saa moja, jua likiwa bado chini, piga magoti kwenye taa ya nyuma utazame ubavu wote kwa mshazari. Bati zima hutulia kama maji ya ndoo. Bati lililojazwa puti, ule unga tunaokoroga kuzibia mashimo, hutetemeka. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole, kulia na kushoto, usikilize kama sauti ni moja. Mwisho tafuta sumaku ya spika, ivishe kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango. Penye chuma itashika. Penye puti itaanguka.

Mumeo asitoboe chochote.

Baba yako,
Rafaeli


Nguvumali
13 Februari 2024

Baba mpendwa sana,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Sisi ni wazima, na kesho ni siku ya wapendanao, ingawa kesho hiyo hiyo ni Jumatano ya Majivu, kwa hiyo Godlisten anasema atanipenda kwa kufunga. Mume huyu, baba! Nikimtazama akinyoa ndevu nasahau sufuria jikoni.

Nimefanya yote. Nilipiga magoti saa moja kamili na kanga yangu. Akapita Mwalimu Zeyana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule mwenye mimba ya miezi sita, anakwenda shuleni kwake.

"We bibi harusi, unasujudia gari au unamsujudia mume?"

"Vyote, dada, vyote!"

"Haya, ukimaliza nipakieni. Miguu yangu imekuwa mihogo."

Tukampakia. Sasa kila asubuhi Godlisten anatushusha, yeye shuleni, mimi sokoni, ndipo anashika barabara ya Horohoro.

Matokeo ni haya. Kwa mshazari ubavu wa kulia umetulia, wa kushoto unatetemeka. Nikigonga kulia nasikia bati. Kushoto kama nagonga mkate wa boflo wa jana. Sumaku imeshika kila mahali, ila chini ya milango ya kushoto imeanguka mara tatu, Godlisten akaidaka mara mbili akasema amecheza golikipa.

Usikasirike, alitoboa. Kipele kimoja tu, kwa pini. Yalitoka maji ya rangi ya kutu, halafu ukatokeza unywele. Baba, unywele! Mweupe, mrefu, mgumu. Akauvuta ukaja, na mwingine nyuma yake. Gari letu limeota mvi kabla ya mwenyewe! Tulicheka mpaka Zeyana akagonga ukuta. Nimekuwekea mmoja humu ndani, umefungwa kwenye karatasi ya biskuti, uniambie ni kitu gani.

Jumapili ya tarehe 3 Machi baada ya ibada tutakuletea gari lenyewe. Mama asipike, tutakuja na samaki.

Mwanao mwenye bahati,
Precious


Muheza
29 Februari 2024

Binti yangu,

Marahaba. Wazima.

Barua yako ilichelewa kunifikia. Jumapili hiyo sitakuwepo, msije.

Vipele viacheni. Mwambie mumeo aende polepole na akwepe mashimo. Msipakie watu wengi. Kushoto asikae mtu.

Nani aliwauzia?

Baba yako,
Rafaeli


Nguvumali
11 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama mgongo ndio unakusumbua, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama ya serikali. Sisi wazima. Masika yameanza kunusanusa, nguo hazikauki, lakini ndani ya nyumba hii ni kiangazi tupu.

Umesema kushoto asikae mtu. Baba, kushoto ndiko ninakokaa mimi! Na nyuma yangu ndipo anapokaa Zeyana, kwa sababu huko kiti kinamwachia nafasi ya tumbo. Tukae wapi, kwenye boneti?

Vipele sasa havihesabiki, vimeungana. Na mlango wangu umeanza deko: haufungi mpaka Godlisten aunyanyue kidogo kwa goti ndipo ausukume. Kila asubuhi anazunguka, ananyanyua, anafunga, ananiinamia dirishani kama nimepanda gari la rais. Nimemwambia asiutengeneze kamwe.

Lakini yeye ndani yake hakupenda. Juzi alikwenda Makorora kwa aliyetuuzia, bwana mmoja anaitwa Luka, ananunua magari machovu na kuyauza upya. Amenisimulia yote njiani. Alimwonyesha ubavu, Luka akala karanga zake.

"Kaka, mimi nauza. Sipaki. Hapa liliondoka linang'aa, ulijiona meno."

"Limejazwa nini humu ndani?"

"Muulize aliyelipiga rangi. Mzee mmoja wa huko Muheza. Yule mkono wake ukishapita, huoni alipoanza wala alipoishia. Nampelekea yale yaliyoshindikana."

"Anaitwa nani?"

"We ushanunua gari, unataka na ukoo?"

Godlisten amerudi kanuna, na mume wangu akinuna anapendeza, lakini safari hii sikumwambia. Anataka kumtafuta mzee huyo ampeleke polisi. Nikamwambia tulia, baba yangu anawajua mafundi wote wa Muheza, na akimjua anayefanya mchezo huu atamtia adabu kabla ya polisi kuvaa kofia. Baba, ni nani huyo? Tuandikie jina lake tu.

Mwanao,
Precious


Muheza
15 Machi 2024

Precious binti yangu,

Kabla ya salamu: msiliendeshe tena hilo gari. Hata mpaka dukani. Kondakta nimemwambia akukabidhi wewe mkononi.

Sasa salamu. Sisi wazima.

Mzee huyo ni mimi.

Luka alilileta mwezi wa sita mwaka jana juu ya lori, likiwa halina milango ya kushoto. Lilikuwa likibeba magunia ya chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Chumvi ilikuwa imekula ile boriti ya chini inayobeba milango yote miwili. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Kazi yake ilikuwa kukata na kuchomelea chuma kipya, siku sita au saba. Luka alitaka kwa siku mbili.

Nilichukua singa za mkonge, zile nyuzi mlizodhani nywele, nikashindilia, nikamwagia puti, tena singa, tena puti, nikapiga msasa kwa maji, nikapaka. Ndivyo tulivyokuwa tukiziba matrela shambani nilipojifunza kazi. Kule ilifaa. Trela la mkonge huvutwa na trekta na halina mtu ndani. Nilipotoka shambani nikaja nayo kwenye magari ya watu. Mkonge hunywa unyevu, ukivimba unasukuma rangi. Hivyo ndivyo vipele vyako. Mlango kukataa kufunga maana yake boriti imeanza kulala. Siku mtakapogongwa upande huo, au gurudumu likiingia shimo kubwa kwa mwendo, kati yako na barabara kuna gunia.

Sikuwa na shida yoyote iliyonituma. Luka alipitisha kiganja akasema haoni kitu, na mimi nilifurahi siku nzima. Nilimwita mama yako atoke ndani naye apitishe kiganja.

Rangi ile ni ya magari mengi, kwa hiyo barua yako ya kwanza haikunishtua. Unywele niliujua kabla sijamaliza kukunjua karatasi. Ilikuwa tarehe 14 Februari. Barua haikuchelewa. Nilikaa nayo nikitaraji mtachoka na vipele mlirudishe kwa Luka wenyewe, na mimi nisitajwe. Nilikuwa nikijiambia boriti itahimili. Sikuwa na hesabu yoyote ya kunionyesha hivyo.

Mpe Godlisten barua hii aisome. Usimsomee, mpe. Gari lipakieni kwenye lori lije kwangu. Nitalikata na Tahiri, fundi wa kuchomelea, tuweke chuma. Akitaka polisi kwanza, nipo hapa gereji siku zote.

Mama yako nilimwambia jana. Hajanijibu.

Baba yako,
Rafaeli


Nguvumali
2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Pasaka imepita. Natumaini nanyi mlipata nafasi ya kwenda ibadani.

Barua yako niliisomea stendi, nimesimama. Nilirudi kwa miguu. Godlisten aliporudi nilimpa, kama ulivyosema. Alisoma mara mbili. Hakupiga kelele. Alitoa jeki, akaiweka chini ya ubavu wa kushoto, akaanza kunyanyua. Gari halikunyanyuka. Jeki ilizama ndani, na mkonge ukamwagika chini kama matumbo ya godoro. Alikaa juu ya tofali. Alisema neno moja, "Mwezi mzima." Kisha akaingia kuoga.

Sasa analala Horohoro. Anakuja Ijumaa usiku na basi la mwisho. Anapofika ananisalimia vizuri.

Nimejiuliza sana ni nini hasa kimeniuma. Mwanzo nilidhani ni huo mwezi. Kila asubuhi ya mwezi ule nilikaa kando ya mlango ule, na wewe ulijua. Lakini siku hizi nalala peke yangu na nina nafasi ya kufikiri. Kinachoniuma ni kwamba ulichelewa kwa kuwa ni mimi, na uliandika kwa kuwa ni mimi. Kama lingenunuliwa na mtoto wa mtu mwingine usingechelewa wala usingeandika. Ungepitisha kiganja tu.

Zeyana nimemwambia mwenyewe. Alikuwa anaanika nguo.

"Gari letu boriti yake ilikuwa mkonge mtupu. Umelipanda wiki zote hizo na mimba yako. Nisamehe."

"Aliyefanya hivyo Mungu anamwona. Mnamjua?"

"Ni baba yangu."

Aliweka beseni chini. Nilifikiri atanitukana, na ningekubali. Akasema, "Baba'ako yule aliyekuwa analia kanisani kwenye picha zenu?"

"Huyo huyo."

"Sasa hayo mengine wanapanda kina nani?"

Swali hilo nakuuliza wewe. Luka alisema anakupelekea yaliyoshindikana. Ni mangapi? Yako wapi? Wenyewe wanajua?

Gari litafika kwako na lori Alhamisi. Godlisten atakuja nalo, amechukua likizo. Atakaa hapo gereji mpaka mmalize, atatazama kila kipande. Usipake rangi. Tunalitaka likiwa hivyo hivyo, tuone kilichomo. Polisi hataki tena. Anasema anataka kuona chuma.

Mimi sitakuja. Mama msalimie.

Precious


Muheza
21 Aprili 2024

Binti yangu,

Marahaba, ingawa iliandikwa siku nyingi. Mama yako hajambo na ameanza kunijibu, mambo ya chakula tu.

Gari aliondoka nalo Godlisten wiki iliyopita, na bila shaka umeliona. Chuma ni cha milimita mbili, kimechomelewa ndani na nje. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi akitazama. Siku ya pili Tahiri alikosa mtu wa kushika upande wa pili wa boriti, akasimama akashika. Siku ya nne tulikula pamoja. Rangi sikupaka. Nilimwomba ruhusa nipitishe praima nyekundu kwenye maungio, kwa sababu chuma kitupu kwa mvua hizi kitaanza kutu ndani ya wiki. Alifikiri kwanza, akakubali. Mlango wako unafunga kwa kidole kimoja. Sauti yake utaisikia hata wewe uliye mbali na kazi hii. Mimi sikuisikia, Tahiri aliniambia.

Uliuliza mangapi. Ninayoyakumbuka kwa hakika ni matano. Huenda yapo mengine niliyoyasahau, na hilo siwezi kukuficha.

La karibu ni lile basi dogo la kwaya yetu hapa hapa. Unalijua, ndilo lililowaleta waimbaji kwenye arusi yako. Sakafu ya nyuma, miguuni pa sauti ya pili. Nilikwenda Jumatano jioni wakati wa mazoezi. Nilimwambia Asheri, mwenyekiti wao, mbele ya watu. Alicheka.

"Mzee Rafaeli, huo ni uzee. Basi hili halina hata kwaruzo. Tukienda mikutanoni watu wanauliza tumepiga rangi wapi, sisi tunakutaja wewe."

"Mlikuwa mnanitaja vibaya."

"Kaa kwanza unywe maji, mzee wangu."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Niliinama chini ya mlango wa nyuma, pale palipong'aa kuliko pote, nikaisukuma. Iliingia mpaka mpini bila kutumia nguvu. Sikuichomoa. Niliiacha pale ili asiyeamini aje aishike mwenyewe. Walikuja mmoja mmoja, sauti ya kwanza, ya pili, wanaume. Mama mmoja aliikamata, akatazama alipokuwa akikaa siku zote, akaenda kusimama upande wa pili wa uwanja. Asheri alichukua ufunguo akaufungia kabatini.

Jana kulikuwa na mazishi kijiji cha pili, kama saa moja na nusu kwa mguu, na tope. Kwaya walikwenda kwa miguu, wameshika viatu mikononi. Nilitembea nyuma yao mpaka makaburini na kurudi. Hakuna aliyenisemesha, wala hakuna aliyenifukuza.

Kesho naenda Pongwe. La pili ni la mtu anaitwa Badru, hubeba watoto wa shule.

Baba yako,
Rafaeli